Maswali ya Wasomaji: Ekzosi ya Kununua kwenye Pikipiki ya Zamani

Toleo hili tumeupa ukurasa wa ufundi wote kwa ekzosi, maana barua zimekuja kutoka Busia hadi Arua zikizunguka jambo hilo hilo. Majibu ni ya mafundi wa ukurasa huu. Humu ndani, bomba la mbele ni lile linalotoka kwenye kichwa cha injini, sailensa ni kopo la nyuma, na ekzosi ni vyote viwili kwa pamoja.

SWALI: Habari zenu mafundi. Nina Honda CG125 ya zamani, ya kubeba abiria. Ekzosi yake imeoza kwa chini karibu na stendi, na imechomelewa mpaka bati halishiki tena. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, nimeona sailensa fupi ya chuma kisichoshika kutu, mdomo wake milimita 51. Bomba langu la mbele ni jembamba sana kuliko huo mdomo. Itaingia? Na kazi nianzie wapi? – *Mwendesha boda, Busia*

JIBU: Itaingia, ndugu, lakini si kwa kuchomeka na kukaza klipu. Kwanza ujue injini uliyo nayo. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inafanya kazi ngumu na matunzo ni haba, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa kwa fito na si kwa cheni ya juu. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 124 na nguvu yake inayokufaa iko kwenye mizunguko ya chini, pale unapoondoka na abiria wawili na gunia la mahindi. Nguvu hiyo inategemea moshi kutoka kwa kasi. Moshi unaokimbia ndani ya bomba jembamba unavuta nyuma yake mabaki ya moshi yaliyobaki kwenye silinda, na hewa mpya inapata nafasi ya kuingia. Ukipanua bomba, moshi unapoa na kupunguza kasi, na pikipiki inakuwa nzito kuondoka hata kama sauti yake imekuwa ya kutisha. Kwa hiyo bomba la mbele libaki la kipenyo kile kile cha kiwandani. Ukilazimika kulibadilisha, nunua au tengeneza lenye kipenyo na urefu uleule.

Ule mdomo wa milimita 51 umekusudiwa injini kubwa. Pikipiki za cc 100 hadi 150 kwa kawaida zina bomba la nje kati ya milimita 25 na 32. Pima lako kwa kalipa, usikadirie kwa jicho. Kisha mpe welda atengeneze kiungo cha umbo la koni, upande mmoja uingiane na bomba lako, upande mwingine uingie kwenye mdomo wa sailensa. Koni hiyo isipungue milimita 100 kwa urefu. Wengi huweka kipande kifupi cha milimita 20 au 30 ili kuokoa chuma, na hapo bomba linapanuka ghafla kama mlango, moshi unajikunja ndani na kazi yote ya bomba jembamba inapotea. Pale koni inapovaa bomba, ipishane angalau milimita 30, na ule upande wa nje upasuliwe kwa msumeno mipasuo miwili ya milimita 25 ili klipu iweze kuubana.

Kabla ya kulipa pesa Kisekka, tazama ndani ya sailensa. Uone bomba lenye vitundu katikati, na kwenye tundu la nyuma pawe na kizibo cha kupunguza sauti kilichofungwa kwa bolti. Kama kizibo hakipo, acha. Kuhusu chuma chenyewe, wauzaji watakuonyesha kwamba sumaku haishiki na kwamba hilo ndilo jaribio la mwisho. Si kweli. Chuma cha daraja la 304 hakishiki sumaku, lakini daraja la 409, ambalo viwanda vingi vinalitumia kwenye ekzosi za magari, linashika, na bado ni zuri kwa kazi hii. Cha maana zaidi ni unene na uchomeleaji. Bati la milimita 1 au zaidi, mishono iliyokamilika pande zote, na pale mkono wa kufungia ulipochomelewa pawe na kipande cha kuongezea unene, kwa sababu hapo ndipo sailensa za bei ya chini zinapopasuka.

Sasa kuvua ya zamani. Washa injini dakika mbili tatu ipate moto kidogo, izime, kisha tia mafuta ya kupenya kwenye nati mbili zinazoshika bomba la mbele kwenye kichwa cha injini. Ukiweza, tia jioni na ufungue asubuhi. Nati hizo ama ni za stadi (bolti isiyo na kichwa, iliyofungwa kwenye injini) ya M6, yaani ya milimita 6, zinazofunguliwa kwa spana 10, ama M8, kwa spana 12 au 13. Tumia soketi ya pembe sita, si spana ya mdomo wazi, maana nati iliyooza inanyonyoka pembe kwa urahisi. Ikigoma, usisukume kwa nguvu ya mwili. Fungua robo, kaza kidogo, tia mafuta, fungua tena. Ukisikia spana inalainika kama inayokata siagi, simama: stadi inajipinda na inakaribia kukatika.

Baada ya bomba kutoka, utaona vipande viwili vya nusu duara vinavyoshika shingo ya bomba chini ya flanji, lile bati lenye matundu ya nati linalokandamiza bomba kwenye kichwa cha injini. Usivipoteze. Halafu chukua tochi uangalie ndani ya tundu la kichwa cha injini. Gasketi ya zamani mara nyingi imebaki humo, imekandamizwa mpaka inafanana rangi na alumini, na fundi mwenye haraka anaweka mpya juu yake. Matokeo yake flanji haikai sawa, stadi zinavutwa upande, na moshi unavuja baada ya wiki. Ing'oe kwa bisibisi nyembamba au kipande cha waya mgumu kilichokunjwa ncha, ukikwangua kuelekea nje bila kuchora ukuta wa alumini. Safisha kwa brashi ya waya. Gasketi mpya ni ya matumizi ya mara moja. Kama ni ya shaba tupu na huna nyingine, unaweza kuipasha moto mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza majini, inalainika tena. Ile iliyojazwa nyuzinyuzi ndani haifufuki.

Kufunga kuna utaratibu wake, na huu ndio unaotofautisha ekzosi inayokaa miaka na ile inayopasuka ndani ya mwezi. Gasketi inakaa kwanza, ishikilie kwa tone la grisi isianguke. Bomba la mbele linaingia, vipande vya nusu duara, flanji, nati unaziviringisha kwa vidole tu. Kisha sailensa na koni yake, klipu ikiwa legelege. Kisha bolti ya mkono wa nyuma, nayo legelege. Sasa sukuma na vuta ekzosi yote mpaka kila kitu kikae bila kulazimishwa. Ukiona tundu la mkono wa nyuma halilingani na la fremu, rekebisha mkono; usivute sailensa kwa bolti ili ilingane. Ukivuta, mvutano wote unahamia kwenye zile stadi mbili ndogo za mbele. Baada ya hapo kaza nati za mbele kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, mpaka nafasi ya flanji iwe sawa pande zote mbili. Kwa M6 nguvu ya kukaza ni kama Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 12; kwa M8 ni Nm 18 hadi 25. Ikiwa una kitabu cha pikipiki yako, fuata namba zake. Klipu inafuata, na mkono wa nyuma unakuwa wa mwisho. Kwenye mkono huo weka bushi ya mpira. Chuma kwa chuma kitapasuka, kwa sababu injini ya silinda moja inatikisa kila kitu.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu analisahau kwenye pikipiki za aina hii. Stendi kubwa ikikunjwa inaegemea kipande kilicho kwenye ekzosi ya kiwandani, chenye mpira mdogo. Ukiondoa ekzosi hiyo, stendi haina pa kusimamia. Inapanda juu zaidi ya inavyotakiwa na kugonga cheni au mkono wa gurudumu la nyuma kila unapopita shimo. Mwambie welda achomelee kizuizi kwenye fremu, kipande cha pembe ya chuma cha sentimita tatu hivi, na kibandike mpira wa tairi kuukuu. Fanya hivyo siku hiyo hiyo.

Mwisho, wapandishe watu wawili wazito pikipiki ikiwa imezimwa, shokomzoba zishuke, uangalie nafasi. Sailensa iwe mbali na tairi na mkono wa gurudumu angalau milimita 20. Kanyaga breki ya mguu mpaka chini, zungusha kiki mpaka mwisho, hakikisha hakuna kinachogusa. Futa alama za vidole kwenye chuma kwa spiriti kabla ya kuwasha, la sivyo zitaungua na kubaki madoa ya kudumu. Washa, vaa glavu nene, ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kikavu sekunde mbili tatu tu na usikilize mbele. Mlio wa tss-tss kwenye flanji ni uvujaji. Injini ikishapoa kabisa kwa mara ya kwanza, kaza tena nati zote, na urudie baada ya kilomita kama 100.

Na kuhusu kuoza: lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari fupi fupi za boda haziipi ekzosi muda wa kupata moto wa kutosha, mvuke unageuka maji na kutuama pale chini kabisa. Ndiyo maana ya kwako imeozea karibu na stendi. Ekzosi za kiwandani huwa na kitundu kidogo sehemu ya chini cha kutolea maji. Kama sailensa mpya haina, toboa kimoja cha milimita 3 sehemu yake ya chini kabisa, na usiruhusu tope likizibe.

SWALI: Nimefunga ekzosi ya kununua kwenye pikipiki ya cc 150. Sasa nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga risasi pa-pa-pa, na plagi imekuwa nyeupe kama chaki. Fundi mmoja anasema niongeze jeti, mwingine anasema ni kawaida. – *Msomaji, Mbale*

JIBU: Si kawaida, na pia usikimbilie jeti, ile skrubu yenye tundu dogo ndani ya kabureta inayopima petroli. Ile milipuko inatokea petroli ambayo haikuungua inapokutana na hewa ndani ya bomba lenye moto. Hewa hiyo inaweza kuwa imepenya kutoka nje: unapoachia mafuta, ndani ya bomba panapatikana mvuto wa muda mfupi, na gasketi inayovuja inafyonza hewa safi. Kwa hiyo anza na flanji na klipu. Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, washa, tafuta mapovu. Ukiona masizi meusi yametapakaa kwenye alumini kuzunguka flanji, umeshapata jibu. Kwa uzoefu wa karakana, gasketi ndiyo mkosaji mara nyingi kuliko kabureta.

Kama hakuna uvujaji, basi petroli ni chache kuliko hewa. Sailensa inayopitisha moshi kwa urahisi inaruhusu hewa nyingi zaidi kuingia, na kabureta bado inatoa petroli kwa kiasi kile kile cha zamani. Plagi nyeupe ina maana silinda inapata joto la kupita kiasi. Ukiendelea hivyo kwa mwendo mrefu, valvu ya kutolea moshi inaungua na pistoni inaweza kutoboka.

Rekebisha kulingana na mahali tatizo linapojitokeza. Kuanzia mpini wa mafuta ukiwa umefungwa mpaka ukiwa umefunguliwa sehemu moja ya nane, inayotawala ni jeti ndogo na skrubu yake. Kati ya robo na robo tatu, ni sindano ya ndani ya kabureta. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho, ni jeti kubwa. Milipuko ya kuachia mafuta iko kwenye sehemu ya kwanza, hivyo jeti kubwa haitaiponya hata uweke ya namna gani. Angalia skrubu: ikiwa iko upande wa chujio la hewa, ni skrubu ya hewa, na ukiifunga petroli inaongezeka. Ikiwa iko upande wa injini, ukiifungua ndipo petroli inaongezeka. Anza kwa kuifunga taratibu mpaka igote, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, halafu sogeza robo robo injini ikiwa ya moto mpaka ingurume sawasawa. Kama ni ile ya upande wa injini na inahitaji zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo ibadilishwe iwe kubwa kwa saizi moja.

Ikiwa inakosa nguvu katikati, toa sindano na ushushe klipu yake mfereji mmoja. Sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ikiwa inakata pumzi ukiwa umefungua mafuta yote, hapo ndipo jeti kubwa inapohusika, nayo ipandishwe saizi moja tu kwa wakati, kisha ujaribu. Usichanganye jeti za Mikuni na Keihin kwa kuangalia namba. Namba za Keihin huenda na kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, na za Mikuni zile za pembe sita zinakwenda na kiasi cha petroli kinachopita. Mia moja ya huku si mia moja ya kule. Na tafadhali usitoboe jeti kwa sindano ya kushonea au waya wa breki: tundu likishapoteza umbo lake hakuna namna ya kujua linapitisha kiasi gani.

Kuna jambo la mahali tulipo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya pwani. Pikipiki iliyopangwa kwa hewa ya pwani huku kwetu tayari inapata petroli ya ziada kidogo, na ziada hiyo mara nyingi inatosha kulisha sailensa mpya bila kugusa jeti kubwa. Ukipanda Kapchorwa au Kabale, inazidi. Kwa hiyo hesabu za jeti zinazotoka nchi za usawa wa bahari usizinakili. Weka plagi mpya, nenda kilomita tatu nne kwenye barabara nyoofu kwa mwendo wako wa kawaida, vuta klachi na uzime injini kwa wakati mmoja, usiache ingurume. Fungua plagi. Kauri yenye rangi ya hudhurungi hafifu ni nzuri, nyeupe ni petroli chache, nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta ni habari nyingine kabisa, ni ringi au sili za valvu, na ekzosi haihusiki.

SWALI: Stadi moja ya ekzosi imekatikia ndani ya kichwa cha injini. Nimeambiwa ninunue kichwa kingine. – *Fundi kijana, Arua*

JIBU: Usinunue bado. Kama kipande kimejitokeza hata milimita tatu, weka nati juu yake na uchomelee ndani ya tundu la nati mpaka vishikane. Joto la kuchomelea lenyewe ni msaada: alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo tundu linalegea. Subiri nati ipoe mpaka wekundu uishe, kisha izungushe taratibu kwa kwenda mbele na kurudi. Ikikatika, rudia, mara ya pili au ya tatu huwa inatoka.

Kama imekatikia ndani kabisa, piga alama katikati ya kipande kwa patasi ya ncha. Katikati kweli kweli, maana keekee ikihama itakula alumini iliyo laini na kuacha chuma. Anza na biti ya milimita 3, kisha panda. Kwa stadi ya M6 tundu la mwisho ni milimita 5, halafu tapu (kifaa cha kukata nyuzi za ndani) ya M6 inasafisha mabaki ya nyuzi. Kwa M8 ni milimita 6.8. Nyuzi za alumini zikiwa zimeharibika, kuna koili ya chuma ya kuweka nyuzi mpya ambayo inashika kuliko hata zile za mwanzo. Stadi mpya ipakwe grisi ya shaba inayovumilia joto, ili atakayekuja baada yako asiteseke.

SWALI: Vijana wa stendi yetu wanatoa matumbo ya sailensa za Bajaj Boxer ili pikipiki iwe na nguvu. Ni kweli inasaidia? – *Katibu wa stendi ya boda, Jinja*

JIBU: Hapana, mzee. Vyumba na mabomba madogo yaliyo ndani yamepangwa pamoja na kabureta na valvu. Ukiyatoa, nguvu ya chini inapungua, petroli inatumika zaidi kwa sababu dereva anafungua mafuta mengi ili kupata kasi ile ile, na plagi inaelekea kuwa nyeupe. Kinachoongezeka ni kelele, na sikio hudhani kelele ni kasi.

Madhara yanampata mwenye pikipiki kwanza. Wataalamu wa afya kazini wanahesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa kikomo cha sikio, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Kijana anayekaa juu ya bomba tupu kutwa nzima anapoteza usikivu wake kidogo kidogo, na usikivu huo haurudi. Uganda pia ina kanuni za mazingira za viwango na udhibiti wa kelele tangu mwaka 2003, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi. Ninyi viongozi wa stendi mnaweza kulimaliza jambo hili kwa kukubaliana wenyewe kabla halijafika huko.

Sailensa iliyokwisha tolewa matumbo haifufuliwi kwa kujaza mawe au waya wa kuoshea sufuria. Nunueni nyingine. Ile ya aina ya kopo lenye pamba ya kioo, hiyo inajazwa upya: kopo la kipenyo cha milimita 100 na urefu wa 300 linachukua kama gramu 200 hadi 300 za pamba, ikizungushwa juu ya bomba la vitundu, isishindiliwe mpaka iwe gumu wala isiachwe ikicheza. Vaa glavu na ufunike pua.

SWALI: Nina Yamaha DT125 ya zamani, ya kuchanganya oili. Imeziba. Naweza kuikata ekzosi na kuweka sailensa ya pikipiki nyingine? – *Mkulima, Kasese*

JIBU: Usikate. Injini yako ni ya mipigo miwili, haina valvu ya kutolea moshi, na lile tumbo pana la ekzosi ndilo linalofanya kazi ya valvu. Wimbi la moshi linafika kwenye koni ya mwisho, linagonga na kurudi, na linarudisha ndani ya silinda hewa na petroli iliyokuwa inatoroka. Urefu wa kila sehemu umepigiwa hesabu. Ukibadilisha sentimita chache tu, wimbi linafika mapema au kwa kuchelewa na pikipiki haivuti. Sailensa ya pikipiki ya mipigo minne hapo haina kazi.

Kuziba kwake ni masizi ya oili, nayo yanasafishika. Vua ekzosi, toa kile kisailensa cha nyuma na ukisafishe peke yake. Ziba tundu moja la tumbo kwa mbao. Kwenye ndoo ya plastiki weka maji baridi lita 5, kisha ongeza kostiki soda gramu 500 kidogo kidogo ukikoroga. Soda ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si maji juu ya soda, maana inachemka na kuruka. Vaa miwani na glavu za mpira. Jaza tumbo, liache usiku kucha mahali pa wazi mbali na watoto, asubuhi mwaga na usuuze kwa maji mengi. Sehemu yoyote ya alumini isiguse mchanganyiko huo, inaliwa na kutoa gesi inayowaka. Rangi ya nje ikiguswa itabanduka, hivyo andaa rangi ya kuvumilia joto. Baadaye angalia kiasi cha oili unachochanganya. Masizi mengi kwa muda mfupi yana maana umezidisha au unatumia oili isiyo ya mipigo miwili.

SWALI: Hapa kwetu mabomba ya ekzosi tunayatengeneza kwa bomba la maji. Linafaa? – *Welda, Katwe*

JIBU: Bomba la maji lililopakwa zinki halifai, na sababu ya kwanza ni mapafu yako. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma kinayeyuka karibu na 1,500, hivyo kila ukichomelea unavuta mvuke wa zinki. Saa chache baadaye unapata homa, baridi na maumivu ya viungo, na wengi wanadhani ni malaria. Pia ni zito, na uzito huo unaning'inia kwenye stadi mbili.

Tumia bomba jeusi la chuma la unene wa milimita 1.2 hadi 1.5. Kulikunja bila kubonyea, ziba mwisho mmoja, jaza mchanga laini ukigonga mpaka ushikamane, ziba mwisho wa pili, pasha moto pale pa kukunja na ukunje polepole. Mchanga uwe umekaangwa ukauka kabisa. Mchanga wenye unyevu ukipashwa moto ndani ya bomba lililozibwa unatengeneza mvuke na kizibo kinaruka kama risasi. Na ukichomelea kitu kwenye fremu, ondoa tangi la petroli kwanza, fungua waya hasi wa betri, chomoa CDI (kisanduku cha umeme wa plagi), na klemu ya athi ya mashine ya kuchomelea iwe karibu na unapochomelea.

SWALI: Binti yangu ameungua mguu kwenye ekzosi ya boda aliposhuka. Hizi ekzosi mpya hazina kinga. Wenye boda wafanye nini, na sisi tufanye nini mtu akiungua? – *Mama, Gulu*

JIBU: Pole sana mama. Sailensa nyingi za kununua zinakuja bila bati la kinga, na lazima liongezwe. Ni bati la milimita 1, limekunjwa kufuata umbo la bomba, likiwa mbali nalo milimita 8 hadi 10 kwa kutumia vishikizo vinne. Lisiguse bomba lenyewe, maana likigusa nalo linaunguza vilevile. Lianzie pale ndama ya mguu wa abiria inapofika na kupita kikanyagio chake kwa sentimita 10 hivi. Ekzosi za pikipiki hizi ziko kulia, hivyo abiria apande na kushukia kushoto, na dereva amwambie hivyo kabla hajapanda.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama maumivu yametulia mapema. Usitie dawa ya meno, mafuta ya kupikia, asali wala oili ya injini. Lengelenge lisipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au aliyeungua ni mtoto mdogo, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.